Pipa la Mbono Lililoingia Sokoni

Neema, wewe na wenzako mlinitaka niandike jinsi kazi ya dizeli ya mbegu ilivyoanza pale karakanani kwetu Gerezani. Mkasema kwa kuwa nimestaafu, sasa nina muda wa kukaa. Muda ninao. Kukaa ndiko kulikonishinda. Naamka, nazunguka nyumba, nagusa mtungi wa gesi kama umefungwa, naketi, nasimama tena. Haya nimeyaandika kwa vipande, kimoja jikoni, kingine kwenye benchi la kinyozi jirani, kingine nimesimama. Mkiona yanarukaruka, mwandishi wake naye alikuwa hivyo hivyo.

Nani alipandishwa cheo lini, hayo yapo ofisini, kayasomeni huko. Mimi nitaanza na sabuni.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti cha maabara. Baba yangu, mtu wa Rombo, aliuza maharage ya jumla Kariakoo, na alimfahamu mzee mmoja mwenye kinu cha mafuta ya alizeti, Mzee Awadh. Babu yake Mzee Awadh alitoka Hadhramaut, lakini yeye alizaliwa Gerezani na hakupenda kulala hata usiku mmoja nje ya Gerezani. Alikamua alizeti, akauza mafuta kwa mapipa, na mabaki akapikia sabuni za miche. Baba alinipeleka kwake kama mtu anayepeleka mashine kukaguliwa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Umesoma kemia?"

"Nimesoma."

"Sabuni yangu inatoka jasho. Kwa nini?"

Nikamwambia kuna gliserini imebaki ndani, na gliserini inavuta unyevu wa hewani, na Dar es Salaam hewa yenyewe ni maji.

"Hilo nalijua," akasema. "Nilitaka kuona kama utaniambia ukweli au utanitafutia dawa ya kuniuzia."

Nikaanza kazi siku hiyo hiyo, na viatu vyangu vya kanisani.

Mzee Awadh alikuwa mwembamba, mwenye haraka, mikono haitulii. Umeme ukikatika, na siku zile ulikatika sana, kinu kilisimama na yeye ndipo alipozidi kutembea. Alikuwa na jenereta kuukuu la dizeli nyuma ya ghala. Alilichukia kwa sababu ya kiu yake. Siku moja alisimama mbele yake, mikono nyuma, akaniambia, "Huyu anakunywa mafuta ya Waarabu. Mimi Mwarabu. Natengeneza mafuta. Sasa kwa nini nanunua?"

Alikuwa anatania, lakini swali lilinikaa kichwani, na mimi nikikaliwa na swali silali.

Kwenye vitabu vya chuo nilikuwa nimesoma kwamba mafuta ya mbegu yanaweza kugeuzwa yakawa dizeli. Mafuta yenyewe ni mazito mno kwa injini. Ukiyatia hivyo hivyo yanaungua vibaya, yanaacha masizi, na pampu inakufa. Lakini ukiyapasha moto wa wastani, ukachanganya na spiriti ya methanoli iliyoyeyushiwa kostiki, ile ile kostiki ya kupikia sabuni, yanaachana. Gliserini inazama chini, nyeusi na nzito kama asali. Juu inabaki dizeli, nyepesi, ya rangi ya chai isiyokolea. Hapo unaiosha kwa maji, unaikausha, unaichuja.

Hivyo ndivyo kitabu kilivyosema. Sisi mara ya kwanza tulipata sabuni. Mara ya pili sabuni. Mafuta yakikaa muda mrefu yanakuwa na asidi, na asidi ikikutana na kostiki inakuwa sabuni, upende usipende. Mzee Awadh alichovya kidole, akakisugua, kikatoa povu. "Binti," akasema, "sabuni tunayo."

Ndiyo maana nyinyi vijana nilikuwa nawasumbua mpime asidi kila pipa, hata kama jana mlipima la jirani yake. Na kuhusu methanoli, nawaambia tena hata kama mmechoka: moto wake mchana hauonekani. Ukiona hewa juu ya ndoo inachezacheza, usiinamie kutazama. Ondoka.

Tulipopata dizeli ya kweli tuliitia kwenye jenereta, likawaka. Likanguruma muda mfupi, likazima. Tukamwita Fundi Kassimu kutoka Buguruni, bingwa wa pampu za dizeli, mtu aliyezoea kuitukana injini kwanza ndipo aishike. Alifungua chujio, akatoa tope jeusi.

"Mmeweka nini humu?"

"Dizeli ya alizeti," nikamjibu.

"Basi inafua. Uchafu wote wa tangi tangu enzi za mkoloni imeukwangua na kuuleta hapa." Akanionyesha na mipira ya mafuta, imevimba, inateleza kama samaki mikunga. "Hii nayo haitaki mpira huu. Tafuta mwingine. Na usiniite kila siku, nina kazi za watu."

Tulimwita kila siku. Alikuja kila siku. Kwake nilijifunza kwamba mafuta mazuri kwenye chupa si kitu mpaka injini ikubali.

Tatizo likawa alizeti yenyewe. Ni chakula. Mzee Awadh alisema hawezi kuichomea jenereta kitu ambacho mama mmoja pale nje angekaangia samaki. Tukahitaji mbegu isiyoliwa, na kila mtu wakati ule alikuwa akituimbia mbono kaburi. Mnaujua, ule mti wanaozungushia makaburi na mipaka ya shamba. Watu waliokuja na magari makubwa waliwaambia wakulima ni dhahabu, wakulima wakapanda, kisha wale watu hawakurudi. Wakulima wakabaki na magunia. Tukayanunua.

Mbono inatoa mafuta mengi, mazuri, rangi ya dhahabu safi. Ni sumu. Mafuta yake yakimwingia mtu yanachoma koo, yanamtapisha, yanamkausha maji mwilini, na kuyakaanga hakuiondoi sumu. Ukiyatazama kwenye pipa, huwezi kuyatofautisha na alizeti.

Nilimwambia Mzee Awadh mapipa ya mbono yapakwe rangi nyekundu, yachorwe fuvu, yakae ua wa nyuma. Akakataa fuvu. "Mteja akiona fuvu kwenye ghala langu, hata alizeti hatanunua." Mapipa yote yakabaki ya bluu, ya mbono upande wa kushoto, ya alizeti kulia. Kila asubuhi nilipoingia, jicho langu lilianzia kushoto. Nilikuwa nawaza, nikijiambia nisiwaze.

Ikaja mvua ya masika ya aina ile inayofunga bonde la Jangwani. Maji yakaingia ghalani usiku, wapagazi wakayainua mapipa haraka na kuyapanga juu ya mbao popote palipokuwa pakavu. Asubuhi, kabla sijafika, Shabani wa mkokoteni alikuja kuchukua pipa la alizeti kulipeleka duka la Mushi, Mtaa wa Kongo, kama kawaida. Akachukua la kulia.

Nilipoingia jicho langu likaenda kushoto. Nikaliendea pipa la kwanza. Nikalifungua, nikalinusa. Alizeti. Nikafungua la pili, alizeti. Nikakimbilia kulia, nikaanza kunusa kila kifuniko kama kichaa. Mbono ina harufu ya majani mabichi, kwa mbali sana, usipoitafuta huipati. Mapipa yote ya mbono niliyakuta, isipokuwa moja.

"Mzee," nikasema. "Shabani kachukua mbono."

Sikumbuki alijibu nini. Nakumbuka viatu vyake, alivyovivaa bila kuvifunga, na kwamba tulipita katikati ya maji ya barabarani badala ya kuzunguka.

Mushi alikuwa mtu wa kwetu, alisali kanisa moja na baba, duka lake limepangwa kama altare. Pipa lilikuwa mlangoni limelala juu ya stendi, bomba limefungwa mbele, na kina mama wenye madumu walikuwa wameshaondoka. Robo tatu ya mafuta haikuwepo.

"Yameenda kwa nani?" Mzee Awadh akauliza.

"Kwa watu," Mushi akasema. "Mamantilie, wauza chipsi, wa nyumbani. Wengine nawajua, wengine siwajui. Kwani kuna nini?"

Nikamwambia. Akakaa kwenye gunia la sukari.

Kisha akasimama, akavuta pazia la duka nusu, akasema taratibu, "Sikilizeni. Tuwafuate kimyakimya. Ninaowajua nawapigia simu, tunasema mafuta yana maji, warudishe, tunawapa mengine. Tukitamka neno sumu hapa Kariakoo, Mzee Awadh, umekwisha. Na mimi nimekwisha. Kesho hata chumvi hawatanunua kwangu."

"Na usiowajua?"

Mushi akaanza kufuta mizani.

"Na usiowajua, Mushi?"

"Labda hawatapika leo," Mushi akasema. "Mvua hii."

Mimi nilikuwa tayari nje, siwezi kusimama mahali pamoja. Nilikuwa nakwenda mpaka kona na kurudi, nikitazama kila mtu mwenye dumu la njano, na pale kila mtu ana dumu la njano. Niliporudi nikamkuta Mzee Awadh ametoka, anamtazama mtu wa makamo aliyekuwa akiuza dawa ya panya. Mnawajua wale, wana toroli na spika inayoimba bila kuchoka: dawa ya panya, mende, kunguni, wote wanakufa. Mzee Awadh akamwendea, wakazungumza. Yule mtu akaizima spika na kumpa kipaza sauti.

"Jamani," Mzee Awadh akasema, na sauti yake ikatoka kubwa kuliko yeye. "Naitwa Awadh, wa kinu cha alizeti Gerezani. Mafuta yaliyouzwa leo asubuhi duka la Mushi si alizeti. Ni mbono kaburi. Ni sumu. Aliyenunua asipike, asionje, ayarudishe. Aliyekula aende hospitali sasa hivi aseme ni mbono. Kosa ni langu. Naitwa Awadh."

Watu wakacheka. Walidhani ni tangazo jipya la dawa ya panya. Dada mmoja akasema, "Huyu babu naye kachangamka leo." Mzee Awadh akasubiri kicheko kiishe, akarudia, neno kwa neno. Akasukuma lile toroli mwenyewe mpaka kona nyingine, akarudia. Yule muuza dawa ya panya akamfuata nyuma akiwa amevua kofia. Tulipofika Msimbazi hakuna aliyekuwa akicheka.

Madumu yakaanza kurudi. Mushi, nimtendee haki, alifungua pazia la duka lake lote, akasimama mlangoni akiyapokea, akiwasha simu na kuizima, akimwomba radhi kila aliyekuja. Alikuwa akikumbuka majina kwa sauti, akiyahesabu kwa vidole. Mwisho akabaki na sura moja isiyo na jina.

"Mama wa chipsi," akasema. "Mfupi, kilemba cha zambarau. Anakaangia upande wa Mnazi Mmoja. Huyo hajarudi."

Nikaondoka bila kumuaga mtu. Kutoka Kongo mpaka Mnazi Mmoja si mbali, lakini nina hakika sijawahi kutembea safari ndefu kama ile. Mvua ilikuwa imekatika na watu wote waliokuwa wamejibanza walitoka wakiwa na njaa. Nilipita banda la kwanza, la pili, nikinusa karai za watu. Mmoja akaniuliza, "Vipi dada, unanunua au unakagua?" Nikaenda banda lililofuata.

Kilemba cha zambarau nilikiona kimeinama nyuma ya banda. Mama Hadija, ndivyo nilivyokuja kumjua, alikuwa anatapika. Karai lilikuwa bado jikoni, mafuta yanachemka polepole, chipsi zimeelea zimeiva vizuri, rangi ya kupendeza. Nikazima jiko.

"We dada, unafanya nini," akasema, hana nguvu hata ya kukasirika. "Nimeonja tu. Yana harufu ya majani. Nikasema labda ni mapya."

"Nani wengine wamekula?"

Akanionyesha kwa kidole. Mafundi ujenzi waliokaa kwenye tofali, mmoja ameshika tumbo. Na mlinzi wa jengo la jirani, mzee, ambaye alikula sahani nzima na kuomba nyongeza, na sasa alikuwa amelala ubavu kwenye kiti chake, midomo mikavu.

Tuliwapeleka zahanati ya karibu kwa bajaji. Muuguzi akaniuliza wamekula nini, na nilimwambia wazi: mafuta ya mbono kaburi, yaliyokaangiwa chipsi. Akainua macho. Alisema amezoea kupokea watoto waliokula mbegu zake, si watu wazima. Kisha akaanza kutafuta mishipa na kutundika maji. Kile nilichosema kilimwokolea muda, naye muda huo aliutumia wote.

Mama Hadija na mafundi walipata nafuu jioni ile. Mlinzi hakupata. Kila nilipokwenda kumchungulia, macho ameyafumba, mguu umepoa. Nikawa natembea kwenye korido, kutoka mlango mpaka dirisha, dirisha mpaka mlango. Mzee Awadh alikuja akakaa kwenye benchi, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu mikono yake ilitulia, imelala mapajani kama ya mtu mwingine. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote.

Kesho yake asubuhi mlinzi alifumbua macho, akamtazama Mzee Awadh, akauliza, "Wewe ndiye uliyenilisha dizeli?"

"Ni mimi," Mzee Awadh akasema.

"Naomba chai."

Mzee Awadh akatoka nje kwenda kuitafuta. Alikawia, na aliporudi macho yake yalikuwa mekundu na chai imepoa.

Mushi alikuwa amesema kweli. Wakaguzi walikuja, ghala likafungwa, likafunguliwa, lakini hakuna mtu Kariakoo aliyenunua tena mafuta ya kula ya Awadh. Watu walimsalimia kwa heshima, wakamsifu kwa kusema ukweli, wakaenda kununua kwingine. Kinu alichorithi kwa babu yake kilikaa kimya miezi mingi, mikanda ikapasuka. Mushi mwenyewe alihamia Mbezi akaanza vifaa vya ujenzi.

Siku tuliyotoa pipa la mwisho la alizeti, Mzee Awadh alisimama ghalani akazungusha macho. "Basi tumebaki na dizeli," akasema. "Itabidi iwe nzuri."

Nikamwambia mimi sifanyi tena kazi na mbono katikati ya mji. Rangi nyekundu haitoshi, fuvu halitoshi. Mahali penye watu wengi wanaokula barabarani, sumu inayofanana na mafuta ya kula, isiyo na harufu kali, haina pa kukaa. Hakubishana. Akaniuliza tu, "Sasa tutakamua nini?"

Hapo ndipo nilipoanza kuzunguka, na tangu hapo sijaacha. Mbegu za pamba. Mafuta yaliyotumika ya mahoteli, ambayo Mama Hadija ndiye aliyetukusanyia kwa miaka mingi, maana alisema akiyaona yanaingia kwenye jenereta anajua hayamwingii mtu. Kisha sufi. Watengeneza mito na magodoro walichambua sufi, mbegu wakazitupa kwenye mitaro, magunia kwa magunia. Mbegu ya sufi ina mafuta, na hakuna aliyekuwa akiigombea. Lakini nyuzi zake zinaingia puani, zinaziba kinu, zikikaribia cheche zinalipuka kwa mara moja, na mafuta yake yana asidi mpaka yanataka kutibiwa kabla ya kostiki. Fundi Kassimu alipoona nyuzi kwenye chujio lake alikaa chini akacheka mpaka akalia. Miezi yote ile nilikuwa nakohoa. Lakini injini ilikubali, na mafundi cherehani wa mtaa mzima, umeme ukikatika, walishonea kwa umeme uliotoka kwenye mito ya watu.

Mzee Awadh alifariki kabla hamjaajiriwa. Mnaijua picha yake pale ofisini, ile aliyotazama pembeni. Mpigapicha alimwomba atulie, akashindwa.

Mengi mengine mtayasikia kwa wenzenu: siku paa lilipoungua, mwaka tuliokosa methanoli, Mheshimiwa aliyekuja kuzindua mtambo akabonyeza kitufe cha king'ora. Mimi nitamalizia na jambo la wiki iliyopita, kwa sababu hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumaliza chai.

Neema, ulinipigia simu ukasema kuna mtu ameleta magunia ya mbegu ngeni kutoka Handeni, ndogo, nyeusi, zinang'aa, zina mafuta kuliko alizeti, naye anasema zipo tele porini na hazina kazi. Ukaniuliza zinaitwaje. Nilikuja, nikazitazama, nikazivunja, nikazinusa. Sizijui. Mkatazamana. Mlikuwa mmeshasafisha kinu.

Yule mwenye magunia akasema, "Mama, mbegu ni mbegu. Kamua, tia mashine, uone."

Ninyi mnataka kuona mafuta yake. Mimi nataka kuuona mti, nione mbuzi wa pale wanaupita au wanaula, niwaulize kina mama wa kijiji wanauitaje na ni mtoto wa nani aliyewahi kuzitafuna akaugua. Hayo hayaandikwi kwenye gunia. Nimeshakata tiketi ya basi la alfajiri, na mfuko wangu uko mlangoni. Kinu msikiwashe mpaka nirudi.